Masanduku 400 ya Willard: hospitali za "vichaa" zilitoka wapi, kwa nini zilifungwa, na sisi wa kambini tunajifunza nini

Andiko la leo ni la historia. Ni refu kidogo, lakini tunaomba mlisome mpaka mwisho maana linatugusa sisi wenyewe.

Kila nchi ya huku kwetu ina hospitali moja ambayo jina lake limegeuka kuwa tusi. Hapa Tanzania mtu akifanya vituko anaambiwa, "Huyu wa kupelekwa Mirembe." Wakenya wanasema Mathari. Waganda wanasema Butabika. Wanyarwanda wanajua Ndera, Warundi wanajua Kamenge, na watu wa Bukavu wanajua Sosame. Tunayataja majina haya tukicheka. Lakini siku mtu wa nyumbani kwako anapoanza kuongea peke yake usiku, kicheko kinaisha, na jina lile lile linakuwa kitu cha kuogopa.

Sisi tunaojitolea upande wa afya tunapita nyumba kwa nyumba. Tunakuta familia zinamficha mgonjwa nyuma ya pazia. Nyingine zimemfunga kamba mguuni. Si kwamba hawampendi. Ukikaa nao, ukinywa maji yao, mwishoni watakuambia: "Mkimpeleka kule, ndiyo basi tena. Hatarudi." Na sisi tumejiuliza: huu woga umetoka wapi? Je, ni ujinga kama wengine wanavyosema, au kuna kitu kweli kilitokea?

Jibu ni kwamba kilitokea. Ili kukieleza tutaanza mbali, Marekani, kwenye hospitali moja iliyoacha ushahidi ambao mkimbizi yeyote anaweza kuuelewa bila mkalimani. Ushahidi huo ni masanduku ya nguo, yale ambayo wengi wetu tunaita valizi. Halafu tutarudi huku kwetu.

KABLA YA HOSPITALI

Kwanza tuelewe kwamba hospitali hizi zilijengwa kwa huruma. Watu wengi hawalijui hilo.

Marekani ya miaka ya 1800, mgonjwa wa akili ambaye familia yake haina kitu aliwekwa gerezani au kwenye nyumba ya maskini. Nyumba ya maskini ilikuwa jengo la wilaya ambapo walitupwa pamoja wazee, yatima, walemavu, walevi na wagonjwa. Mwalimu mmoja mwanamke, Dorothea Dix, alizunguka katika jimbo la Massachusetts akaingia humo ndani kuona kwa macho yake. Mwaka 1843 alipeleka taarifa kwa wabunge: watu wamefungwa minyororo, wamefungiwa kwenye vizimba na vyumba vya chini ya ardhi, wengine hawana nguo, na wanapigwa ili watii. Aliomba serikali ijenge mahali maalumu ambapo watu hawa watatibiwa kama binadamu.

Miaka 20 baadaye katika jimbo la New York, daktari Sylvester Willard alikusanya habari za nyumba za maskini za jimbo zima, akakuta hali ni ile ile. Wabunge wakakubali ijengwe hospitali kubwa. Daktari mwenyewe alikufa mwaka 1865 kabla haijafunguliwa, na wakaipa jina lake.

Hospitali ya Willard ilifunguliwa Oktoba 1869, kando ya ziwa Seneca. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyeletwa kwa boti. Alikuwa amefungiwa kwenye nyumba ya maskini kama miaka 10, bila kitanda, bila nguo za kueleweka. Pale Willard alioshwa, akavishwa, akapewa chakula na kitanda. Kwa hiyo tusiwacheke waliojenga. Siku ile ya kwanza walimtoa mtu kwenye minyororo, kitu ambacho sisi wenyewe bado tunajaribu kukifanya leo.

HOSPITALI ILIYOGEUKA KUWA MJI

Tatizo lilianza baadaye. Wilaya zote zilipoona kuna mahali pa kupeleka watu wasiotakiwa, zikapeleka. Ndani ya miaka 10 tu wagonjwa walishapita 1,000. Wakaongeza majengo, na majengo nayo yakajaa. Willard ikawa mji kamili: mashamba, ng'ombe, karakana za viatu na nguo, hata njia yake ya reli. Wagonjwa ndio walikuwa wanalima, wanafua, wanapika na kushona.

Kazi ilisaidia wengi, maana mtu mwenye kazi ana sababu ya kuamka asubuhi. Lakini ilileta hatari moja. Mgonjwa aliyepata nafuu na anayejua kazi, hospitali inamhitaji. Nani atamwambia aende nyumbani? Na nyumbani kwenyewe ni wapi? Miaka imepita, wazazi wamekufa, ndugu wamehama, barua hazijibiwi.

Kwa miaka yake yote Willard ilipokea watu zaidi ya 50,000. Karibu nusu yao walifia humo humo. Jamani, tusome tena: karibu nusu. Hapo ndipo hospitali inapoacha kuwa hospitali. Kule nje watu wakaanza kusema ukiingia hutoki, na hawakuwa wanasema uongo.

MASANDUKU YALIYOKUTWA DARINI

Mwaka 1995 serikali ya New York iliifunga Willard. Wafanyakazi wakapewa kazi ya kupita kwenye majengo ya zamani kuangalia nini cha kuhifadhi na nini cha kutupa. Kwenye dari ya jengo moja wakafungua mlango, wakakuta masanduku zaidi ya 400 yamepangwa kwenye rafu za mbao, yamejaa vumbi na mavi ya njiwa. Yalikuwa ya watu walioingia kati ya miaka ya 1910 na 1960.

Utaratibu ulikuwa hivi: mgonjwa akifika na sanduku lake, linachukuliwa, linaandikwa, linawekwa darini. Siku akitoka atarudishiwa. Hawa hawakutoka, au walitoka bila kuulizwa habari za masanduku yao.

Ndani mlikuwa na vitu gani? Viatu, miswaki, vitabu vya sala, picha za familia, barua, madaftari, nguo nzuri za kutokea, vifaa vya kushonea. Yaani vitu ambavyo mtu hufungasha akijua anakwenda mahali kwa muda na kwamba maisha yataendelea. Sisi tuliokimbia tunajua namna mtu anavyofungasha. Kama ungeambiwa huendi kurudi ungebeba nini? Na kama ungeambiwa ni wiki mbili tu? Masanduku yale yalifungashwa na watu wa wiki mbili.

Watafiti walichukua baadhi ya masanduku, wakayalinganisha na mafaili ya hospitali ili wajue wenyewe walikuwa nani. Tunaeleza watatu, bila majina.

Wa kwanza ni kijana kutoka Ufilipino, aliyevuka bahari kutafuta maisha Marekani na akawa mfanyakazi wa ndani. Aliingizwa Willard mwaka 1917. Alikufa humo mwaka 1981. Hesabu mwenyewe: miaka 64.

Wa pili ni Mmarekani mweusi, askari wa zamani. Mwaka 1945 aliingia kula kwenye mgahawa New York, akaletewa chakula kwenye sahani iliyovunjika. Alikasirika akafanya fujo, na polisi wakaitwa. Mzungu akikasirikia sahani iliyovunjika angeitwa mteja mkorofi. Yeye aliitwa mgonjwa. Maisha yake yaliyobaki yaliishia hospitalini.

Wa tatu ni mkimbizi kama sisi. Huyu alizaliwa Ukraine. Vita Kuu ya Pili ilimtoa kwao, akawa mmoja wa mamilioni ya watu waliobaki Ulaya bila makazi. Mwaka 1949 yeye na mkewe wakapata nafasi ya kuhamia Marekani, yaani ile bahati ambayo hapa kambini watu wanaisubiri miaka 10 au 15. Baada ya muda mfupi mkewe akafa kwa matatizo ya mimba. Mwanaume akabaki peke yake katika nchi ya ugeni, Kiingereza chake kidogo. Mwaka 1952 akasafiri mpaka Washington, akawaambia walinzi kwamba amekuja kumuoa binti wa Rais Truman. Wakamkamata. Mwaka 1953 akafikishwa Willard.

Fikirieni hapo. Alikuwa anaumwa, hatukatai. Lakini alikuwa pia mfiwa, mgeni, na mtu aliyetoka vitani. Mambo haya matatu hayatibiwi kwa kufunga mlango. Alikaa Willard mpaka mwaka 1977. Katikati ya miaka hiyo alianza kuchora picha za rangi, na mpaka leo picha hizo ndizo zinazomwelezea vizuri kuliko faili lake.

MAKABURI YENYE NAMBA

Waliofia Willard bila ndugu wa kuwachukua walizikwa kwenye shamba la jirani. Makaburi hayo ni 5,776. Hayakuandikwa majina. Yaliwekewa vibao vidogo vya chuma vyenye namba, na baadaye vingi vikang'olewa ili iwe rahisi kukata majani.

Mmoja wa waliochimba makaburi hayo alikuwa mgonjwa pia, Lawrence Mocha, mhamiaji kutoka Ulaya ya mashariki aliyekuwa anasafisha madirisha mjini New York kabla ya kuletwa Willard mwaka 1918. Alichimba makaburi zaidi ya 1,500 kwa mkono, kwa unadhifu mkubwa. Alikufa mwaka 1968 akiwa na miaka 90, akazikwa kati ya wale aliowazika, na yeye bila jina. Watu wa eneo lile walidai kwa miaka mingi majina ya wafu yatolewe. Jimbo lilijibu kwamba habari za wagonjwa ni siri, hata baada ya kufa. Ilibidi watafute ndugu wa Mocha na kupata kibali, ndipo mwaka 2015 likawekwa bamba la kumbukumbu lenye jina lake.

Siri ya mgonjwa ni jambo jema, tena wafanyakazi wa afya wanatufundisha kila semina. Lakini hapa siri ilifanya kazi ya kinyume. Ilimlinda nani? Sisi tunaoishi na namba ya familia, namba ya kadi na namba ya kesi tunalijua hili vizuri. Namba inasaidia upate mgao, ila haitoshi kukuzika.

KWA NINI ZILIFUNGWA

Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Miaka 40 baadaye walikuwa chini ya 100,000. Nini kilitokea? Mambo matatu.

La kwanza ni ushahidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na vijana wa Marekani waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya imani yao. Serikali ikawapa kazi nyingine, na kama 3,000 kati yao wakapelekwa kuhudumu kwenye hospitali za akili. Walikuwa vijana wa umri wetu, wanaojitolea kama sisi. Waliona wagonjwa uchi kwenye sakafu, mhudumu mmoja kwa wagonjwa 100 na zaidi, vipigo. Mmoja akapiga picha kwa siri katika hospitali ya Byberry, Philadelphia. Mei 1946 picha za namna hiyo zikatoka kwenye gazeti la Life, na nchi nzima ikashtuka.

La pili ni dawa. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutumia klorpromazini, dawa ambayo mpaka leo inatolewa kwenye zahanati za kambi nyingi. Kabla ya hapo walikuwa na mambo ya kutisha: kumchoma mtu sindano za insulini mpaka azimie, hata kukata sehemu ya ubongo. Dawa mpya haikuponya kila mtu, na ina madhara yake, lakini kwa mara ya kwanza mgonjwa mkali aliweza kutulia na kuishi nyumbani.

La tatu ni pesa. Hospitali kubwa zilikuwa mzigo, na wanasiasa wakaona kuzifunga kutapunguza gharama.

Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vidogo vya afya ya akili karibu na watu, ili hospitali kubwa zipungue. Mpango ulikuwa mzuri sana. Lakini vilijengwa karibu nusu tu ya vilivyokusudiwa, na vingi havikupewa pesa ya kuendelea. Milango ikafunguliwa, watu wakatoka, na huko nje hakuna aliyewaandalia chochote. Wengi wakaishia mitaani na magerezani, yaani pale pale Dorothea Dix alipowakuta mwaka 1843. Hata Willard yenyewe, baada ya kufungwa mwaka 1995, sehemu yake iligeuzwa kuwa gereza la wafungwa wenye shida ya dawa za kulevya. Nalo likafungwa mwaka 2022, na majengo yakabaki kimya.

Haya, kuna waliofunga vizuri? Wapo. Mji wa Trieste, Italia, ulikuwa na hospitali ya akili inaitwa San Giovanni. Mwaka 1971 daktari Franco Basaglia akawa mkuu wake. Alitoa minyororo, akaruhusu mikutano ya wagonjwa, akawasaidia kuanzisha ushirika wao wa kazi ili walipwe. Mwaka 1973 wagonjwa na wasanii walitengeneza farasi mkubwa wa buluu, wa mbao na makaratasi, wakataka kumtoa nje waandamane naye mjini. Farasi alikuwa mkubwa kuliko lango. Wakavunja lango.

Lakini sifa ya Trieste haiko kwenye farasi. Kabla ya kuondoa hospitali walifungua vituo mitaani vinavyofanya kazi usiku na mchana, na nyumba ndogo za kuishi watu wachache wachache. Mwaka 1978 Italia ikapitisha sheria ya kusimamisha hospitali za aina ile nchi nzima. San Giovanni leo ni bustani ya maua na watu wanapita hapo kama bustani yoyote.

HUKU KWETU

Sasa turudi nyumbani. Afrika Mashariki hospitali za namna hii zililetwa na wakoloni, na zilikuja na kasoro zao zote pamoja na nyongeza ya ubaguzi.

Ya zamani kabisa ni Lutindi, milimani Usambara, Tanzania. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua mwaka 1896, siyo kwa wagonjwa, bali kwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Baadaye kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 1900, ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Ipo mpaka leo. Tumeona vizuri kulitaja hili, maana nyumba ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika eneo letu ilianza kama nyumba ya watu walioporwa makwao.

Nairobi, serikali ya Waingereza ilichukua jengo lililokuwa la kutenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 likawa hospitali ya vichaa. Ndiyo Mathari ya leo. Wazungu walikuwa na sehemu yao, Wahindi yao, Waafrika yao, na hamna haja ya kueleza nani alipewa chumba kizuri. Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Butabika, karibu na Kampala, mwaka 1955.

Waafrika wengi waliletwa kwa njia ya polisi na mahakama, siyo na familia. Mtu aliyeacha kijiji chake kutafuta kazi mjini au kwenye mashamba ya wazungu, akichanganyikiwa barabarani, hakuna anayemjua, anachukuliwa. Kama hajui lugha ya daktari, nani atamweleza? Hospitali ya ukoloni ilikuwa kwa kiasi kikubwa mahali pa kuondoa mtu aliyesumbua.

Halafu kulikuwa na elimu ya uongo. Daktari wa Mathari kuanzia mwaka 1938, J. C. Carothers, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, na akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa ubongo. Mwaka uliofuata aliandikia serikali ya Kenya maelezo ya kwamba Mau Mau ni tatizo la kisaikolojia. Yaani mtu amenyang'anywa ardhi, amekasirika, wanasema ni akili zake. Sawasawa na yule askari na sahani yake. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi hospitali ya Blida nchini Algeria, alimjibu Carothers kwa ukali, na historia imempa haki Fanon.

Lakini Afrika haikupokea tu. Mwaka 1954, Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria, alianza jambo jipya Aro, karibu na Abeokuta. Badala ya kuwalaza wagonjwa wote wodini, aliwapangishia vyumba kwenye vijiji vinavyoizunguka hospitali. Kila mgonjwa alikuja na ndugu mmoja wa kukaa naye na kumpikia. Asubuhi anakwenda kupata dawa na kuongea na daktari, mchana anasaidia kazi za shamba, jioni anakaa na watu. Wanakijiji walipata kodi na huduma za afya, na kichaa akawa mpangaji wa fulani. Tanzania nayo baada ya uhuru ilijaribu vijiji vya wagonjwa kulima na kufuga, kimoja kikiwa Hombolo, karibu na Dodoma.

Angalieni tofauti. Willard ilijenga mji mzima ili mgonjwa akae mbali na watu wake. Lambo alitumia mji uliokuwepo tayari. Na ule utaratibu wa mgonjwa kwenda hospitali na ndugu wa kumlinda na kumpikia, ambao wageni wakiuona kwenye hospitali zetu wanadhani ni umaskini tu, Lambo aliuona kuwa ni dawa.

SISI WA KAMBINI

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika kila watu 5 wanaoishi mahali palipopita vita ndani ya miaka 10, mmoja ana tatizo la afya ya akili, kuanzia huzuni na hofu mpaka magonjwa makali. Kwa hiyo tusijifanye hili ni la familia fulani. Ukihesabu nyumba tano kutoka kwako, umeshafika.

Kambini hakuna hospitali kama Willard, na kwa historia tuliyosoma hatuiombi. Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo mwaka 2015 wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida wa zahanati kutambua na kutibu magonjwa ya akili pale pale walipo watu. Huo ndio mpango wa Kennedy kwa sura ya kambi. Nao unaweza kufa kwa ugonjwa ule ule: dawa kuisha, mhudumu kuhamishwa, bajeti kukatwa. Bajeti ikikatwa, mgonjwa hatumwi gerezani. Anarudi kwenye kamba nyuma ya pazia.

Kwa familia tunasema hivi. Woga wenu si ujinga. Babu zetu waliona watu wanachukuliwa na hawarudi. Lakini kamba haimlindi, inamfanyia nyumbani kile mlichoogopa atafanyiwa kule. Na leo wengi wanatibiwa wakiwa kwao, kwa vidonge au sindano ya mwezi, na watu wa kukaa nao.

Ikilazimu mgonjwa apelekwe hospitali ya mbali, tunaomba mambo matano yafanyike, na tumeyatoa kwenye makosa ya Willard:

1. Aende na mtu wake. Kama gari lina nafasi moja tu, tuombe ya pili kabla gari halijaondoka.

2. Jina lake kamili liandikwe, na jina la mzazi, na lugha anayoongea nyumbani. Mtu wa Kibembe au Kifuliru anayeulizwa maswali kwa Kiingereza ataonekana amechanganyikiwa hata kama ni mzima.

3. Vitu vyake viandikwe, na karatasi ibaki na familia. Akitoka, aulizwe: begi lako liko wapi?

4. Historia yake ielezwe. Alifiwa lini, alikimbia nini, nani hajapatikana mpaka leo. Yule mtu wa Ukraine alihitaji mtu wa kuuliza habari za mkewe kabla ya kuuliza habari za binti wa Rais.

5. Kabla hajaondoka ijulikane ni nani anayefuatilia na siku gani atapiga simu. Akiachwa miezi bila kuulizwa, nafasi yake nyumbani inaziba. Kitanda kinapewa mwingine, kadi inafutwa, watoto wanazoea.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: tunajua mna fomu nyingi na siku ina saa 24. Lakini namba 2 na namba 5 hazihitaji mfadhili. Zinahitaji mistari miwili kwenye fomu na mkalimani wa kutoka kwenye jamii, na sisi tupo.

Kwa vijana wenzetu: tuache kutumia majina ya hospitali kama matusi. Siyo kwa adabu tu. Kila unaposema "wa Mirembe" ukicheka, kuna mama anakusikia, na nyuma ya pazia lake kuna mtu. Baada ya kicheko chako hatakuja kutuambia.

Tunawaachia maswali ya kujadili. Katika kijiji chenu cha kambi, mgonjwa wa akili akitoka hospitalini anarudi kwa nani? Nani anamwita kwa jina? Ana kazi gani ya kufanya asubuhi? Mkutano wetu ujao tutaanzia hapo, na tumewaomba wahamasishaji wa afya waje watueleze dawa zinazopatikana na siku za kliniki. Njooni na wazee, na kama kuna mgonjwa ambaye yuko tayari kusikiliza, njooni naye. Kiti chake kitakuwepo.